Daktari, supu yangu ya kichwa inaleta kichaa?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nauza supu ya kichwa na makongoro mnadani Msalato kila Jumamosi, huu mwaka wa 11. Juzi mteja mmoja aliyeishi Uingereza miaka mingi alisukuma bakuli akasema mbele za watu kwamba ubongo wa ng'ombe unaleta kichaa kisicho na dawa, hata uuchemshe kutwa nzima. Jumamosi iliyofuata nilirudi nyumbani na nusu sufuria. Je, ni kweli? Niache kuuza ubongo? Halafu na jambo dogo: wiki tatu zilizopita, huko Bahi, maksai wa shemeji yangu alipata kichaa. Anatoa mate, ananguruma kwa sauti mbovu. Shemeji akadhani amekwamwa na mfupa, maana ng'ombe wa kule kiangazi wanatafuna sana mifupa, akamtia mkono mdomoni asikute kitu. Wakamchinja kabla hajafa, wakagawana nyama. Ndiyo ugonjwa huohuo?

JIBU: Marahaba dada. La supu nitalijibu kwa kirefu, lakini naanza na hilo uliloliita jambo dogo. Kabla hujaendelea kusoma, mpigie shemeji yako simu. Yeye, aliyechinja, aliyepasua kichwa, na yeyote aliyeshika mate au ubongo wa yule maksai, waende hospitali leo. Wakifika wasiseme "tunaumwa" wala "tumekuja kupima". Waseme: tumeshika ng'ombe tunayemshuku kuwa na kichaa cha mbwa. Wiki tatu si kuchelewa. Kwa binadamu ugonjwa huo hukaa kimya wiki kadhaa hadi miezi, na muda wote huo chanjo bado ina kazi ya kufanya. Dalili zikishaanza, hapo tena hatuna cha kumfanyia mtu.

Umeshapiga? Haya, tuendelee.

Kwa maelezo yako, maksai yule hakuwa na kichaa cha ng'ombe. Naona alikuwa na kichaa cha mbwa. Najua inachekesha kusikia ng'ombe ana kichaa cha mbwa, na humohumo kwenye majina ndimo tunamopotelea. Kichaa cha mbwa ni virusi. Mbwa ndiye msambazaji mkuu, ila humshika ng'ombe, punda, mbuzi na mtu vilevile. Kichaa cha ng'ombe ni kitu kingine kabisa, hakina uhusiano na mbwa, wala hakiambukizi kwa kung'ata. Mtu wa kwanza kukiita hivyo kwa Kiswahili alitafsiri jina la magazeti ya Ulaya, na tangu hapo kila ng'ombe anayefanya mambo ya ajabu tunampachika jina la ugonjwa wa mbali, huku ule wa jirani unatupita mlangoni.

Simcheki shemeji yako, maana nimefanya kosa lilelile nikiwa na cheti ukutani. Mwaka wangu wa pili kazini, upande wa Mpwapwa, niliitwa kumwona mtamba aliyegoma kula. Mate yalikuwa yanamning'inia kama kamba hadi vumbini. Akijaribu kulia inatoka sauti ya mtu aliyepaliwa, ya kukwaruza, halafu inakatika. Mwenye ng'ombe alikuwa na jibu tayari: gunzi. Nikakunja shati, nikapitisha mkono hadi kooni, nikapapasa kulia na kushoto. Hakuna gunzi. Nikauchomoa mkono ukiwa umelowa mpaka kwenye kiwiko, na ndipo nikakumbuka kuwa asubuhi ile nilijikata kidole gumba kwa wembe nikichonga penseli. Siku ya tatu mtamba akalegea nyuma, ya tano akafa, na maabara ikajibu nilichokuwa nakiogopa. Nilichomwa sindano zote, na kila niliyochomwa niliisindikiza kwa kujitukana. Ng'ombe mwenye kichaa cha mbwa anaonekana amekwamwa kwa sababu misuli ya koo imepooza, hawezi kumeza hata mate yake mwenyewe. Hiyo ndiyo inayotuvuta tutie mkono.

Mifupa nayo ina lake. Ng'ombe wetu hutafuna mifupa kiangazi kwa sababu majani yamekosa fosforasi, na mwili unaitafuta popote. Kutafuna mfupa hakuleti kichaa cha ng'ombe hapa kwetu. Kinacholetwa na mifupa ya mizoga ni sumu ya bakteria inayolegeza misuli, ng'ombe anaanguka chini akili zake zikiwa timamu. Awekewe jiwe la madini la kulamba, ataiacha mifupa. Na si kila mnyama anayezunguka ana kichaa cha aina yoyote: mbuzi au kondoo anayezunguka upande mmoja tu siku nenda rudi mara nyingi ana kifuko cha tegu wa mbwa ndani ya ubongo, na ng'ombe mwenye homa kali anayeinua miguu juu kama anakanyaga moto yaweza kuwa maji moyo, ugonjwa wa kupe.

Sasa mteja wako. Si mwongo huyo, wala usimwone ana kiburi. Ametoka mahali walipoumia.

Uingereza kichaa cha ng'ombe kilitambuliwa mwaka 1986. Ng'ombe wa maziwa, wengi wa miaka minne hadi sita, walianza kuwa na wasiwasi: wanashtuka kwa sauti ndogo, wanapiga mateke wakikamuliwa, wanakonda na huku wanakula, miguu ya nyuma inayumba. Hakuna mate yanayoning'inia, hakuna kufa ndani ya siku tano. Yanakwenda polepole, wiki kwa wiki, hadi mnyama hainuki tena. Wakikata ubongo na kuutazama kwa hadubini wanakuta umejaa matundu madogomadogo kama sponji.

Walifikaje huko? Viwanda vilikuwa vinachukua masalia ya machinjioni, mifupa, vichwa, matumbo, vinayayeyusha na kusaga kuwa unga, na unga ule ukawa unachanganywa kwenye chakula cha ng'ombe ili maziwa yaongezeke. Ng'ombe, mla majani, akalishwa ng'ombe mwenzake bila kujua, na wafugaji wengi nao hawakujua kilichomo gunia. Mnyama mmoja mgonjwa akiingia kiwandani, anatoka akiwa kwenye magunia ya mashamba mengi. Na kwa kuwa ugonjwa hukaa ndani miaka minne au mitano kabla ya kuonekana, serikali ilipopiga marufuku unga huo kwa ng'ombe, Julai 1988, moto ulikuwa umeshashika chini kwa chini. Januari 1993 walikuwa wanapata wagonjwa wapya karibu 1,000 kwa wiki. Jumla yake ikapita ng'ombe 180,000, na mamilioni wengine wakachinjwa na kuteketezwa kwa tahadhari tu.

Mwaka 1990, wasiwasi ulipopanda, waziri wa kilimo wao, John Gummer, alijitokeza mbele ya kamera na binti yake mdogo akimpa baga ili wananchi waone nyama ni salama. Nadhani aliamini alichokuwa anakisema. Lakini tarehe 20 Machi 1996 waziri wa afya, Stephen Dorrell, alisimama bungeni kueleza kwamba vijana 10 wamepata ugonjwa mpya wa ubongo, na maelezo yaliyo karibu zaidi na ukweli ni kwamba waliupata kwa ng'ombe. Nilikuwa mwanafunzi Morogoro wakati ule. Tuliisikia redioni bwenini, na jioni ile ndondo ziliuzwa kuliko nyama.

Hadi leo Uingereza imezika watu 178 kwa ugonjwa huo. Ufaransa inafuata, chini ya 30, na nchi nyingine wachache wachache. Walikuwa vijana, umri wa kati wakati wa kufa ukiwa kama miaka 28. Wengi walianza kwa huzuni na kujitenga, au maumivu ya ajabu ya miguu, wazazi wakadhani ni mapenzi au mtihani. Halafu kuyumba, kusahau, kushindwa kusema. Mwaka mmoja na kidogo, basi. Kwa nchi iliyokula nyama ile miaka yote hiyo, 178 ni wachache kuliko wataalamu walivyohofia, lakini usije ukamwambia hivyo mteja wako mezani. Watu waliokaa Uingereza kati ya 1980 na 1996 walikataliwa kuchangia damu katika nchi nyingi kwa miaka mingi, Marekani ikilegeza mwaka 2022 tu, kwa sababu kule Uingereza kuna wachache walioupata ugonjwa kwa kuongezewa damu. Mtu aliyewahi kuambiwa damu yake haitakiwi, ukimwekea bakuli la ubongo lazima alisukume.

Kwa nini hakuna dawa, na kwa nini kuchemsha hakusaidii? Hapa nataka uelewe vizuri, maana ndilo swali watakalokuuliza wateja.

Virusi, bakteria, minyoo, vyote vina uhai wa namna fulani au vinabeba maagizo ya kujizalisha. Chungu kinavivuruga. Prioni, kisababishi cha kichaa cha ng'ombe, si kiumbe. Ni protini. Tena ni protini ambayo mimi na wewe tunayo vichwani sasa hivi, haina neno. Nenda Soko la Majengo uangalie vitenge vilivyopangwa rafuni. Vyote vimekunjwa namna moja. Sasa kimoja kimekunjwa vibaya: kitambaa ni kilekile, rangi ileile, hakina tundu wala doa, mkunjo tu ndio umekosewa. Tuseme kitenge hicho kina tabia mbaya, kila kinachokigusa nacho kinajikunjua na kujikunja kama yeye. Kesho viwili, keshokutwa vinne. Baada ya miaka rafu nzima imebanana, hakitoki kitambaa hata kimoja, na duka limekufa. Hivyo ndivyo ubongo unavyokwenda. Mwili haupigani, kwa sababu hauoni mgeni, unaona kitenge chake mwenyewe. Mmarekani Stanley Prusiner ndiye aliyetoa jina la prioni mwaka 1982. Wenzake wengi walimkejeli, kwamba ugonjwa wa kuambukiza utakosaje kiumbe ndani yake. Mwaka 1997 akapewa Nobeli.

Na ule mkunjo mbaya ni mgumu balaa. Sufuria yako hapa Dodoma, kwa mwinuko wetu wa zaidi ya mita 1,000, inachemka kama nyuzi 96 tu, haifiki hata 100. Hospitali zinazosafisha vifaa vilivyogusa prioni hutumia mvuke wa nyuzi 134 kwa dakika 18, au magadi makali ya kiwandani, na bado hawajiamini sana. Kuna jaribio lililochoma ubongo wenye prioni kwa nyuzi 600 hadi ukawa majivu, na chembe ya uambukizi ikabaki. Hapo mteja wako amesema kweli tupu.

Ila angalia sasa magonjwa haya mawili yanavyokwenda kinyume. Kwenye kichaa cha mbwa, moto unaua virusi upesi. Aliyekula nyama iliyoiva hana haja ya sindano, ingawa nyama ya mnyama kama yule hailiwi, na iliyoanikwa kama bado ipo izikwe. Anayeponzwa ni mwenye kisu, mwenye shoka, mwenye mkono uliochubuka. Kwenye kichaa cha ng'ombe ni kinyume, anayeponzwa ni mlaji, na moto haumsaidii. Ndiyo maana ninasisitiza tusichanganye majina. Ukichanganya utaogopa bakuli na kusahau kisu.

Bakuli lako, je? Tanzania haijawahi kuripoti ng'ombe hata mmoja mwenye kichaa cha ng'ombe. Sisemi hivyo kwa kujisifu, kwani mfumo wetu wa kupima bongo za ng'ombe si wa Uingereza. Ninachokitegemea zaidi ni walichokula. Kichwa unachonunua wewe ni cha ng'ombe wa asili aliyekulia nyasi za mbugani, mabua ya mtama, na akibahatika mashudu ya alizeti. Hajaonja unga wa ng'ombe mwenzake. Mnyororo ulioiangamiza Uingereza hapa haujafungwa, na kazi yetu ni kuuacha hivyo. Nasemea hasa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa mjini, wanaomlisha ng'ombe mabaki ya chakula cha kuku, au hata kinyesi cha kuku, kwa kubana matumizi. Chakula cha kuku huwa na unga wa mifupa na damu. Kuku hana shida nacho. Ng'ombe asipewe, hata kama bei ya pumba imepanda.

Ipo pia namna nyingine ya ugonjwa, nadra, ambayo huzuka yenyewe kwa ng'ombe wakongwe, mara nyingi wenye zaidi ya miaka minane, bila kujali walikula nini. Brazili iliwapata mwaka 2021 na 2023. Kwa hiyo sitakuapia kwamba haiwezi kutokea Dodoma. Nyama ya misuli na maziwa havijaonekana kuwa njia ya maambukizi. Hatari hujikusanya kwenye ubongo, uti wa mgongo, macho na kipande cha mwisho cha utumbo mwembamba. Ulaya ubongo, macho na uti wa mgongo wa ng'ombe aliyezidi mwaka mmoja hutupwa. Mimi ubongo nakula, lakini wa ng'ombe kijana aliyeingia machinjioni kwa miguu yake.

Na wewe nunua hivyohivyo. Kichwa cha ng'ombe aliyekaguliwa, nyama yake ikiwa na muhuri. Kichwa cha bei ya kutupa, kinacholetwa usiku kwenye bodaboda na maelezo marefu, kiache hata kama Jumamosi imekukuta mikono mitupu. Aliyechinjwa kwa haraka "kabla hajafa" ni mnyama mgonjwa, na mgonjwa wa kichwa huweka ugonjwa wake kichwani, ambako wewe unapiga shoka. Nimewahi kusimama nyuma ya vibanda nikitazama kazi yenu: kijana anaweka kichwa juu ya kigogo, shoka mara mbili, mfupa unatoa vipande, vinaruka hadi usoni, na ubongo anauchota kwa vidole kuuweka kwenye sahani ya bati. Mnunulie glavu nene na miwani. Kisu cha kichwa kisikatie kachumbari.

Maandiko haya huwafikia wengi, kwa hiyo niongeze la binadamu. Prioni zina ugonjwa wake kwa watu, usiohusiana na ng'ombe hata kidogo. Unaitwa Creutzfeldt-Jakob, kwa majina ya madaktari wawili wa Ujerumani walioueleza miaka ya 1920 na 1921. Kule unakohesabiwa vizuri humpata mtu mmoja au wawili katika kila milioni kwa mwaka, wengi wenye miaka 60 na zaidi, na kwa kawaida huzuka wenyewe. Kitenge kimoja kimekosea mkunjo, basi. Kama uwiano ni huohuo hapa kwetu, kwa watu milioni 61 wa sensa ya 2022, basi wapo Watanzania zaidi ya 60 kila mwaka wanaozikwa kwa majina mengine: uzee, kiharusi, kurogwa. Mzee anayesahau polepole kwa miaka mingi si huyu. Huyu alikuwa anauza dukani mwezi wa tatu, wa nne anayumba na kushtuka viungo, wa nane hamtambui mwanawe. Asilaumiwe mkewe wala mchinjaji.

Ukiacha ule ugonjwa wa vijana wa Uingereza, kula kulihusika mahali pamoja, kwa Wafore wa Papua New Guinea. Mazishini walikuwa wakila miili ya ndugu zao kwa heshima, na ubongo uliangukia zaidi kwa wanawake na watoto. Ugonjwa wa kuru ukawa unaua hadi watu 200 kwa mwaka, wengi wao wanawake na watoto. Desturi ilikoma kufikia miaka ya 1960, na bado wapo walioanza kuumwa zaidi ya miaka 40 baadaye.

Nimalizie Bahi, maana kuna mtu bado hatujamtaja. Maksai hakujipa kichaa cha mbwa. Kuna mbwa alimng'ata, huenda wiki kadhaa au miezi kabla, labda puani wakati analala, jeraha likapona pasipo mtu kuliona. Mwambie shemeji aulize kijijini: ni mbwa wa nani alibadilika tabia, akapotea au akafa, kabla maksai hajaugua? Na watoto gani walikuwa wanacheza naye? Majina hayo ayapeleke kwa afisa mifugo na zahanati siku hiyohiyo. Mtoto aliyekwaruzwa kidogo mara nyingi hasemi nyumbani, anaogopa kuchapwa. Akionekana mwenye kidonda kipya, kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, halafu safari ya sindano. Na akitokea ng'ombe mwingine wa hivyo, afungwe mbali na wenzake, watu wakae kando, asichinjwe. Akifa, kichwa kisiguswe mpaka afisa mifugo afike, kwa sababu ubongo huo ndio maabara inaouhitaji ili itupe jibu.

Niandikie nijue shemeji alifika hospitali.